Nyungunyungu hai, udongo mgonjwa: maana ya "madhara yasiyoua"

Vijana wanaovua kwa ndoano karibu na mialo ya Mwanza huchimba nyungunyungu wa chambo penye unyevu, na mara nyingi penye unyevu ndipo penye bustani ya nyanya. Mwambie mmoja wao kuwa udongo ule umelishwa dawa miaka nenda rudi, atakufunulia kopo lake: "Mbona wamo?"

Kuwemo si kuwa wazima. Kipimo cha kwanza cha ukali wa kiuatilifu, yaani dawa ya shambani kama hiyo, huhesabu vifo: nyungunyungu hukaa siku 14 kwenye udongo wenye dawa, kisha hutafutwa kiwango kinachoua nusu yao. Yanayoipata nusu iliyobaki ndiyo huitwa madhara yasiyoua: kukonda, kuacha kuchimba, kutaga vifuko vichache vya mayai, au kuhama kabisa.

Mdudu huyu (tumwite mdudu tu, kwa mazoea) hana mapafu. Hupumua kwa ngozi, nayo lazima iwe na majimaji, kwa hiyo kilichoyeyuka kwenye maji ya udongo humpenya. Zaidi ya hapo, anaumeza udongo wenyewe pamoja na majani yaliyooza.

Mimi huhofia zaidi shaba, ile iliyomo kwenye dawa nyingi za bakajani, ugonjwa unaokausha majani ya nyanya. Hatuiogopi, maana mrututu, ambao nao ni shaba, wazee waliutumia kwa vidonda. Lakini shaba haiozi. Ya msimu huu hukaa juu ya ile ya mwaka jana, na nyungunyungu hupunguza kuzaa mapema sana, kabla haijafika kiwango cha kumuua.

Dawa nyingine hujikusanya mwilini mwake. Marekani, miaka ya 1950, miti ilipuliziwa DDT, dawa ya kuua wadudu, majani yakadondoka, nyungunyungu wakayala wakaendelea kuishi. Waliokufa ni ndege waliowala.

Shambani hasara huja polepole. Vishimo vikipungua, mvua hainywewi vizuri na udongo. Maji hutiririka juu kwa juu kuelekea ziwani, yamebeba tope na dawa iliyonata humo.

Kwa hiyo kopo la chambo halitoshi kuwa ushahidi. Chimba tena, pekua bonge la udongo taratibu, utafute wadogo na vifuko vyao. Ukikuta wakubwa watupu kila unapochimba, hata msimu wa mvua, hapo pana jambo.