Ukimruka Dalali, Tenga Atalibeba Nani?

Kikao cha tatu cha harusi ya mtoto wa kaka yangu kilifika kwenye bajeti ya jikoni saa 2 usiku. Mjumbe mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo akanyoosha mkono. "Nyanya na vitunguu tumruke dalali. Tuagize Ilula kwa mkulima mwenyewe, tutaokoa nusu." Watu wakapiga makofi. Nikauliza tunahitaji matenga mangapi ya nyanya. Kamati ya chakula ikapekua daftari: manne.

Kutoka Ilula, kule Iringa, mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 400. Gari gani linakodiwa kwa matenga manne? "Si tunaweka kwenye basi," akasema. Nikanyamaza, maana kikao ni cha harusi na mimi ndiye shangazi mtu. Lakini hapa si kikaoni.

Nina miaka 19 kwenye masoko ya mazao. Nilianza nikiwa afisa wa halmashauri, na miaka hii ya karibuni naratibu soko la wakulima la Jumamosi hapa mjini, lile la mkulima kuja na mzigo wake na kuuza kwa mkono wake. Kwa hiyo mimi ndiye niliyetakiwa kuwa wa kwanza kupiga makofi. Sikupiga, kwa sababu kauli ya "tumtoe dalali, mkulima atapata na mlaji atapata" nimeisikia kwenye warsha, kwenye redio, kwenye daladala na sasa kwenye harusi, na sijawahi kumsikia anayeisema akitaja nani atashusha mzigo.

Tuanze na mzigo basi. Lori la nyanya linaondoka Ilula jioni ili liingie mjini kabla ya alfajiri. Ndani mna nyanya za wakulima kumi na zaidi, na kila tenga lina alama ya mwenyewe: kitambaa chekundu, herufi mbili za rangi, gunzi la hindi lililofungwa kwenye ubavu. Likifika masoko ya Ilala au Temeke Stereo, lazima awepo mtu wa kulipokea saa 9 usiku. Awe anawajua makuli. Awe anajua mchuuzi gani analipa papo hapo, gani anachukua leo na kulipa keshokutwa, na gani akisema "kesho" ana maana ya baada ya Idi. Awe na uso unaojulikana kiasi kwamba tenga 200 ziondoke mikononi mwake kabla jua halijapanda. Mtu huyo ndiye dalali. Anakata kamisheni yake kwa kila tenga, na mwenye nyanya amelala kwake Ilula.

Mtoe. Kazi bado ipo palepale, ila sasa ni ya mkulima: nauli ya kuja na kurudi, gesti, chai, na usiku wa kulala juu ya matenga ili yasipungue. Nyanya haichumwi mara moja ikaisha, inachumwa kwa awamu. Akikaa mjini siku tatu akisaka wateja asiowajua, mchumo unaofuata umeshapita rangi, na kantangaze, mdudu wa nyanya, yuko shambani anatoboa majani bila haraka kwa sababu mwenye shamba hayupo. Tuseme dalali anachukua 2,000 kwa tenga na mkulima ana matenga 30. Ni 60,000. Hebu nitafutie, kwa 60,000 hiyo, nauli, malazi, chakula, na kijana wa kupiga dawa shambani. Ukiipata, nipigie simu nikupe kazi.

Simtetei dalali. Nawajua, na wengine wananijua vizuri zaidi ya ninavyopenda. Dhambi yake kubwa inaitwa cha juu. Anauza tenga 45,000, halafu anampigia mkulima: "Mama, soko limedondoka, leo 32." Hiyo 13,000 inaingia mfukoni na kamisheni anaikata vilevile. Dhambi ya pili ni kufunga mlango: mkulima akija na mzigo wake mwenyewe anaambiwa hakuna nafasi ya kushushia, mpaka apitie kwa mtu. Ya tatu ni lumbesa, kujaza kupita kipimo. Sheria ya Vipimo inataka mizani na gunia lisizidi kilo 100, lakini tenga linalopakiwa usiku porini linaota kichuguu kinachofunikwa kwa nyasi, na kichuguu hicho hakilipiwi. Nyanya za chini zinafika zimekuwa juisi, mlaji anazilipia hizohizo, na mkulima hakulipwa za juu.

Ugonjwa basi ni bei iliyofichwa na kipimo kilichochezewa. Hayo yana dawa: mkulima awe na namba za watu wawili sokoni wasiojuana, au kikundi kimtume mtu wao akae mjini msimu mzima. Nimekiona kikundi kilichofanya hivyo, na kilipata bei nzuri kweli. Nilipomwita kijana wao dalali, mwenyekiti alinikatiza. "Huyu ni mwakilishi wetu." Anapokea mzigo saa 9 usiku, anauza, anakata chake kwa kila tenga. Haya, mwakilishi.

Sasa soko langu la Jumamosi lina kazi gani? Lina kazi, ila ni nyembamba kuliko inavyotangazwa, na nyanya za Ilula hazimo. Ni soko la mzigo mdogo, unaoharibika haraka, kutoka karibu: Kibaha, Mkuranga, Bagamoyo, Kigamboni. Mchicha, matembele, uyoga, mayai, mtindi, asali. Wala si jambo lililoshuka kwa ndege. Gulio lilikuwepo kabla mimi na wewe hatujazaliwa, na akina mama wa milima ya Usambara hawakungoja warsha yangu ili washuke na matunda.

Kuna mama wa Mkuranga ambaye ningewaleta wanakamati wote wa harusi wamwangalie siku moja tu. Anavuna mchicha saa 9 usiku kwa tochi ya kichwani. Anafunga mafungu kwa kamba za mgomba, anayapanga kwenye beseni mizizi ikitazama chini, anafunika kwa gunia lililoloweshwa. Bodaboda mpaka barabara kubwa, kisha kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, wanachochangia wanne. Saa 12 asubuhi yuko mezani. Mpaka saa 4 mchicha umesimama na bei imesimama. Saa 5 jua limeingia chini ya turubai, majani yamelegea, anauza mafungu mawili kwa bei ya moja. Saa 6 anakuja mama lishe wa nje ya geti, hajadili sana, anazoa yote yaliyobaki kwa bei ya kutupa, na mchana huohuo mafundi wa gereji wanakula mchicha wa Mkuranga na ugali. Faida yote ya wiki imechezwa ndani ya saa nne hizo. Akichelewa na kirikuu, imekwisha.

Ukiniuliza anapata nini kuliko akiuzia shambani, watu wanategemea nitaje bei. Bei inapanda, ndiyo, na nauli inaila kipande kikubwa. Alichopata ni masikio. Wateja watatu kwa Jumamosi moja walimuuliza giligilani, akarudi akapanda matuta mawili, na leo giligilani ndiyo inayolipa kirikuu. Kwa mnunuzi wa shambani asingeisikia habari hiyo mpaka anazeeka. Pia alijifunza kukataa. Mwaka wa kwanza kila aliyemwambia "punguza" alipunguziwa. Sasa anasema "chukua au acha, dada," na dada anachukua. Biashara ndogo inakua hapo, kwenye vitu viwili ambavyo sijui niviandikeje kwenye ripoti.

Ushuru nautaja haraka kwa sababu naulizwa kila wiki. Mwaka 2017 Serikali ilishusha ushuru wa mazao ya chakula kutoka asilimia 5 hadi 2 na kusamehe mzigo usiozidi tani moja. Beseni la mchicha si tani moja. Ada ya meza sokoni ni kitu kingine, lipa na udai risiti.

Kinachonikera zaidi ya dalali ni bango: "Mboga mbichi kwa wote." Kwa wote wepi? Wateja wangu wa Jumamosi wana friji na wengi wana gari. Fundi anayelipwa kwa siku kule Manzese ananunua mchuzi wa leo, leo: fungu la nyanya nne, kitunguu kimoja, karoti moja. Genge la mboga liko hatua ishirini kutoka mlangoni kwake, linafunguliwa kila siku mpaka usiku, linauza kidogo hicho anachokimudu, na linamkopesha mpaka Ijumaa. Soko langu halina hata kimoja katika hayo. Ndiyo, ukipiga hesabu kwa kilo, fundi analipa zaidi kuliko anayenunua kwa sado. (Sado ni lile kopo la rangi la lita 4, jina lilibandukana na rangi ya Sadolin likahamia kwenye nyanya.) Lakini asiye na friji akinunua sado, nusu itaozea chini ya kitanda, na unafuu umeoza nayo. Na mama wa genge nyanya kazitoa wapi? Ilala, alfajiri, kwa dalali. Mnyororo tunaoulaani ndio unaoipa Manzese mboga.

Kila mwaka kuna anayenitumia picha ya soko la Union Square, New York. Zuri, sina neno. Mpango wa masoko yale, Greenmarket, ulianza 1976, na kanuni yao inabana: unauza ulichozalisha mwenyewe. Ila mwenye kipato kidogo kule analipia mezani kwa SNAP, msaada wa chakula wa serikali. Kipande hicho hakimo kwenye picha.

Na kanuni hiyo ya "ulichozalisha" mimi mwenyewe naivunja. Siku moja nilimkuta "mkulima wa Kibaha" akipanga matufaa yenye stika. Nikamtoa, akatoka akicheka. Lakini vitunguu? Pembezoni mwa Dar hapatoki vitunguu vya kutosha, na mteja asiyepata kitunguu kwangu anakwenda supamaketi kununua vyote. Kwa hiyo mwenye vitunguu namwacha, na najua fika kavitoa Ilala saa 10 alfajiri. Vilevile kila Jumamosi mteja anauliza, "Hizi hazina dawa?" na mkulima anajibu "hazina." Kwa macho, mimi na miaka yangu 19 siwezi kumkatalia wala kumthibitishia. Mbichi ni jambo moja, salama ni lingine. Mchicha wa bonde la Msimbazi unafika sokoni ukiwa mbichi kuliko wote, na maji machafu ya mto yaliyoumwagilia umeyaona. Halafu kuna gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, zile za Shirika la Afya Duniani, ninazozitaja nikiomba ufadhili. Wengi wa wateja wangu walikuwa wanazifikisha kabla sijafungua soko.

Nyanya za harusi? Nilimwomba yule mjumbe anisindikize Ilala saa 10 alfajiri. Alikuja, nampa haki yake. Dalali akampasulia tenga mpaka chini, akamtenganishia: hizi ngumu za kachumbari, hizi zilizopondeka za mchuzi, bei yake hii. Wakabishana kama ndugu. Tulipotoka wakapeana namba, nami nikachungulia simu wakati anaandika jina. Amemhifadhi "Mkulima Ilala."