Uongo njoo, utamu kolea: kwa nini muvi ya Krismasi humchekesha mtu mzima kama mtoto?

Tarehe 24 Desemba, saa mbili usiku, Tabata. Feni inazunguka, ila kazi yake ni kuhamisha joto kutoka kona moja kwenda nyingine. Watoto saba wamejaa mkekani, watatu wa kwetu na wanne wa jirani, ambao kwao Krismasi si sikukuu yao lakini pilau yetu wanaijua vizuri. Kila mmoja ana embe mkononi. Nimechomeka flashi kwenye televisheni, na muvi ni ileile ya mwaka jana na mwaka juzi: Elf, ya mwaka 2003. Kijana aliyeniwekea alinitazama kwa huruma. "Braza, mwaka huu tena hiyohiyo?"

Hiyohiyo. Na dakika chache tu baada ya kuanza nilikuwa nacheka, hata kichekesho chenyewe hakijafika. Mtu mzima, mwenye kodi ya nyumba na presha ya ada za Januari. Kwa nini?

Kwa asiyeijua: mtoto mchanga wa kituo cha yatima anatambaa hadi ndani ya gunia la Baba Krismasi, anafikishwa Ncha ya Kaskazini na kulelewa na vijitu vifupi vinavyotengeneza midoli. Anarefuka hadi kichwa kinagonga dari. Siku akijua kwamba yeye ni binadamu, anafunga safari kwenda New York kumtafuta baba yake, amevaa koti la kijani na soksi ndefu za njano.

Tuanze na hilo la kucheka kabla ya wakati. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, waliwapa watu hadithi fupi 12. Wengine walifichuliwa mwisho mapema, wengine hawakuambiwa kitu. Kwa jumla, waliofichuliwa ndio waliozifurahia zaidi. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote na hilo, lakini mimi sikuhitaji chuo kikuu. Bibi yangu alikuwa na hadithi moja ya Sungura na Fisi, aliisimulia mpaka tukaijua neno kwa neno, na akiruka kipande tulimrudisha. Anayejua mwisho hana wasiwasi wa kuutafuta, kwa hiyo anabaki na nafasi ya kuonja katikati.

Bibi, lakini, hakuwa anaanza hivihivi. "Paukwa!" "Pakawa!" "Hadithi, hadithi!" Nasi kwa sauti moja: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Hebu uisikilize vizuri hiyo sentensi. Msikilizaji ndiye anayeuita uongo uje. Anajua ni uongo, anaukaribisha sebuleni, na anaamini kwamba ukiingia ndipo utamu utakapokolea. Hadanganywi mtu hapo.

Mtu mzima wa Dar es Salaam ameacha kuuita. Mji huu hatukuuita Bongo kwa mapambo. Ni kwamba bila ubongo huishi humu. Mtu akitapeliwa tunasema ameingizwa mjini, na hakuna tusi linalouma kama kuitwa mshamba. Ndiyo maana ukipita Kariakoo wiki ya Krismasi, Mtaa wa Kongo umefurika taa za rangi na miti ya plastiki, wewe unashikilia pochi kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine, uso umeukaza. Muuzaji akitabasamu, unauliza moyoni: huyu anataka nini?

Sasa mtazame Buddy, jamaa wetu wa soksi za njano. Ni mshamba wa kiwango cha juu. Anapita mbele ya mgahawa wa kawaida sana, anaona kibao kinachotangaza kahawa bora kuliko zote duniani. Mimi na wewe tungepita. Hapa kwetu kila kibanda cha chipsi ni namba moja na kila fundi simu ni bingwa. Yeye anaingia kwa kishindo na kuwapongeza wote waliomo: mmeweza, hongereni! Baadaye anamleta binti anayempenda, amemfumba macho, ili aionje. Binti anasema ni kahawa mbovu. Buddy wala hatetereki.

Hapo ndipo penye siri, nadhani. Mwigizaji, Will Ferrell, ana urefu wa karibu mita 1.9 na angeweza kabisa kutukonyeza, kutuonyesha kwa pembe ya jicho kwamba naye anajua huu ni upuuzi. Yeye hatukonyezi hata mara moja. Angefanya hivyo, tungebaki wajanja watupu tunaomcheka mshamba. Kwa kuwa hafanyi, tunajikuta upande wake, tumeingizwa mjini kwa hiari yetu na hatujapoteza hata shilingi.

Hata picha zenyewe zilitengenezwa kwa moyo huo. Mwongozaji, Jon Favreau, hakutaka kutegemea sana kompyuta. Umeshawahi kupiga picha Coco Beach, mwenzako akaonekana ameishika meli kwa vidole viwili? Ni ujanja huohuo. Ferrell aliwekwa karibu na kamera kwenye samani ndogondogo, wale vijitu wakawekwa nyuma kwenye samani kubwa, na vipande viwili vya chumba vikapangwa mpaka vikaonekana kimoja. Jicho lenyewe linasema uongo njoo.

Jambo jingine ni ule mkeka. Profesa mmoja wa Marekani, Robert Provine, aliwapa wanafunzi wake kazi ya kuandika kila walipocheka. Walipokuwa peke yao, bila kitabu wala televisheni, walicheka takriban mara 30 pungufu ya walipokuwa na wenzao. Niliwahi kujaribu kuitazama muvi hii kwenye simu, ndani ya daladala, Machi. Nilitabasamu mara mbili. Theluji haina kosa: sijawahi kuishika, wala ile ya Kilimanjaro huwa haishuki hadi kwetu Moshi. Ninachokumbuka ni embe, harufu ya vitunguu vya pilau na nguo mpya iliyonunuliwa kubwa makusudi ili ifike mwaka unaofuata.

Karibu na mwisho, gari la Baba Krismasi haliwezi kupaa bila watu kuamini, na umati unaanza kuimba ili lipae. Baba yake Buddy, mtu wa ofisini asiyecheka, yumo humo anachezesha midomo tu bila sauti. Mwanawe mdogo ndiye anayemgundua.

Usiku huohuo tulikwenda mkesha. Kwaya ikapandisha, kanisa zima likaitikia, nami nikaitikia kwa namna yangu ya miaka yote, macho kwenye mlango nikihesabu watoto wetu watatu. Wa mwisho, mwenye miaka sita, akanivuta shati.

"Mjomba, huimbi. Unachezesha mdomo."