Chuma cha bei nafuu si lazima kiwe kimeuzwa kwa bei ya kutupa

Wengi wanaamini kwamba chuma cha nje kikiuzwa chini ya bei ya viwanda vya ndani, serikali ina haki ya kukitoza ushuru wa kuzuia bei ya kutupa (dumping), yaani kuuza nje kwa bei ya chini kuliko ya nyumbani kwa muuzaji. Kanuni hazisemi hivyo. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika mwaka 1995, hulinganisha bei ambayo muuzaji anauzia nje na ile anayouzia nchini kwake.

Tuseme kiwanda kinauza tani ya chuma kwa dola 700 nyumbani na dola 560 nje. Tofauti ni dola 140, yaani asilimia 25 ya bei ya nje, na ushuru hauruhusiwi kuvuka hapo. Kingeuza dola 560 kotekote, na bei hiyo ikafidia gharama zake, kisingeguswa, hata kama viwanda vya nchi inayonunua vinauza dola 700.

Tofauti ikiwa chini ya asilimia 2, uchunguzi hufungwa. Ikizidi, bado lazima ithibitishwe kwamba viwanda vya ndani vimeumia au viko hatarini, na kwamba chanzo ni chuma hicho, si mitambo chakavu. Sharti hili ni la haki kabisa, maana bila hilo kila kiwanda kizembe kingekimbilia ushuru.

Anayelipa forodhani ni mwagizaji, ambaye mara nyingi humpandishia bei fundi na mjenzi. Baada ya miaka 5 ushuru hukoma, isipokuwa mapitio yaonyeshe kuwa madhara yatarejea.