"Nimewasha VPN, hakuna anayeniona"

Kazi yangu ni kuwasaidia watu kulinda faragha yao mtandaoni, na sentensi hiyo hapo juu nimeisikia mpaka basi. Mtu anaitamka kwa kujiamini kabisa. Ukimwomba akuoneshe kivinjari chake, unakuta VPN imewashwa kweli, na pembeni yake barua pepe imefunguliwa kwa majina yake kamili. Sasa unajificha kwa nani?

VPN ni huduma inayofunga mawasiliano yako kwa usimbaji fiche, yasisomeke njiani, na kuyapitisha kwenye seva yake kabla hayajafika unakokwenda. Mtoa huduma wako wa intaneti anaona umeunganishwa na seva hiyo, saa ngapi, na data kiasi gani imepita. Tovuti inaona anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti) ya seva badala ya yako. Kazi yake inaishia hapo. Yule aliyekuwa anaona unatembelea tovuti zipi bado yupo, ila sasa ni mwenye VPN. Ukichagua programu ya bure isiyojulikana mmiliki, umemnyang'anya mlinzi funguo ukamkabidhi mpita njia. Na ile "hatuhifadhi kumbukumbu" yao ni ahadi tu mpaka ikaguliwe na mtu wa nje.

Tena IP ni alama moja kati ya nyingi. Kivinjari chenyewe huitajia tovuti ukubwa wa skrini, lugha, saa za eneo, hata fonti ulizonazo. Mwaka 2010 shirika la Electronic Frontier Foundation lilipima vivinjari vilivyotembelea ukurasa wake wa majaribio, na asilimia 83.6 vilikuwa na mchanganyiko wa alama usiofanana na kingine chochote kwenye sampuli ile. VPN haigusi hata moja ya hizo. Haigusi vidakuzi (cookies, faili ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari ili zikutambue) wala GPS ya simu.

Anayehitaji kutojulikana kweli namwelekeza kwenye kivinjari cha Tor Browser, kinachotumia mtandao wa Tor. Mawasiliano yanapita seva tatu: ya kwanza inakujua wewe lakini haijui unakokwenda, ya mwisho inajua unakokwenda lakini haikujui wewe. Ni ya polepole, vumilia. Usiongeze viendelezi (programu ndogo za kupachika kwenye kivinjari), na tafadhali sana, usiingie kwenye akaunti yenye jina lako halafu ukaja kulalamika. Hata Tor, ikitumiwa kawaida, haifichi kwamba unatumia Tor: Desemba 2013 mwanafunzi wa Harvard alituma vitisho vya uongo vya bomu ili akwepe mtihani. Alikamatwa bila Tor kuvunjwa. Kumbukumbu za mtandao wa chuo zilionesha nani alikuwa anaitumia muda ule, wapelelezi wa FBI wakamhoji, akakiri.

Kuna na wa "hali fiche" ya kivinjari (incognito). Hiyo inafuta historia na vidakuzi kwenye kifaa chako ukifunga dirisha. Inakuficha kwa mwenzako mnayetumia naye kompyuta, si kwa mwajiri wala kwa tovuti. Google ilishtakiwa mwaka 2020 kwa kukusanya data za watu waliokuwa kwenye hali hiyo, na 2024 ikakubali kufuta mabilioni ya rekodi.

"Sina cha kuficha" sibishani nayo sana. Mwaka 2006 kampuni ya intaneti ya Marekani, AOL, ilitoa hadharani utafutaji wa watumiaji wapatao 650,000, majina yakiwa yamebadilishwa kuwa namba. Siku chache tu baadaye, waandishi wa The New York Times walimtambua mmoja wao kwa maneno aliyotafuta.

Mwisho, wale wanaoamini VPN inashinda udhibiti wowote. Inategemea wanaodhibiti mtandao wamefunga nini. Kama wamezuia DNS tu (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake ya IP), kubadilisha DNS mara nyingi kunatosha. Wakianza kuchunguza umbo la mawasiliano, VPN za kawaida zinatambulika na kukatwa. Hapo unahitaji madaraja ya Tor (njia za kuingilia Tor zisizotangazwa hadharani) kama obfs4 au Snowflake, yanayoficha kwamba hiyo ni Tor. Wakizima intaneti yenyewe, kama Misri Januari 2011, hakuna programu itakayokusaidia. Na tovuti za kupakulia zana hizi zenyewe huzuiwa, kwa hiyo pakua sasa, ujaribu madaraja wakati mtandao bado uko wazi. Watu hunitafuta siku ambayo mtandao tayari umefungwa.