Kutuliza hali kwa maneno si kusema polepole

"Askari alijaribu kutuliza hali bila mafanikio." Sentensi hii imejaa kwenye ripoti za matukio, na mara nyingi ukiuliza askari alisema nini hasa, unaambiwa alimwamuru mtu atulie. Akarudia. Kisha pingu.

Kutuliza hali kwa maneno ni kutumia mazungumzo, umbali na muda kumrudisha mtu aliyepandwa na jazba mpaka aweze kusikia, kuelewa na kuchagua, ili nguvu isihitajike au ihitajike kwa kiasi kidogo. Maana yenyewe haina ugumu. Tatizo ni kwamba wengi, wakiwemo baadhi ya wakufunzi, wameigeuza kuwa jina la sauti ya upole.

Upole unasaidia, ila mtu anaweza kuchochewa kwa sauti ya chini kabisa. "Wewe ni mtu mzima, acha utoto," hata ikinong'onezwa, ni tusi. Na kwenye barabara yenye kelele, askari anayepaza sauti ili asikike huenda ndiye anayeifanya kazi hii ipasavyo.

Tuchukue hilo neno "tulia". Mwenye hamaki halimwambii afanye nini kwa mikono yake, miguu yake wala kitu alichoshika. Linamhukumu tu kwamba amekosa adabu, naye hujibu hukumu hiyo: "Nimetulia! Wewe ndiye unayepiga kelele!" Amri inayofaa hutaja tendo moja linaloonekana kwa macho: "Weka chupa chini." Likishatendeka ndipo linakuja la pili. Ukimpa matatu kwa mpigo, mtu ambaye moyo unamwenda mbio atashika la mwisho tu, au asishike lolote.

Kinachoharibu mambo zaidi ni kuchanganya ombi na amri. "Unaweza kushuka kwenye gari, tafadhali?" ni ombi, na anayeombwa ana haki ya kusema hapana. Ikiwa sheria inampa askari mamlaka ya kumshusha, na nia yake ni kumshusha hata akikataa, basi alichouliza si swali. Dereva anajibu hapana kwa nia njema, anavutwa nje, na kuanzia hapo anaamini kwamba amedanganywa. Adabu haipotei ukisema wazi: "Naomba ushuke. Kwa sheria, hili ni agizo. Sababu ni hii." Kutaja sababu kunachukua sekunde chache, na wengi wanaobisha hutii hapo, kwa kuwa walitaka kujua kwanza kwa nini. Asipotii, mweleze njia zilizopo na kila moja inaishia wapi, muulize mara moja ya mwisho kama kuna neno litakalomfanya akubali, halafu utende ulichosema. Onyo lisilotekelezwa linamfundisha kwamba maneno yako ni mapambo.

Halafu kuna suala la nani anaongea. Awe mmoja. Askari wa kwanza akisema "Usisogee!" na wa pili "Toa kitambulisho!", hakuna binadamu anayeweza kutii wote wawili, na mkono ukienda mfukoni unaonekana unatafuta silaha. Wengine wanyamaze, wasimame pembeni, wasimzingire. Umbali wa angalau urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa ndio unaofundishwa sana kwa mtu asiye na silaha. Akiwa na kisu unahitajika mkubwa zaidi, ikiwezekana na kizuizi katikati. Bila nafasi hiyo maneno hayapati muda wa kufanya kazi, kwa sababu kila hatua yake inakulazimu kuamua papo hapo.

Muda ndio kiini cha kutuliza hali, na historia inaonyesha hivyo. Baada ya wanamichezo wa Israeli kutekwa na kuuawa kwenye Olimpiki ya Munich, Ujerumani, mwaka 1972, polisi wa New York waliunda kikosi cha majadiliano ya utekaji mwaka 1973, na msingi wao ulikuwa kupunguza kasi: mtu aliyezingirwa akizungumza kwa saa nyingi, jazba hushuka na uchovu huingia. Mwaka 1988 polisi wa Memphis, mji wa Marekani, walianzisha timu ya kushughulikia watu wenye matatizo ya akili, ambayo mafunzo yake ni ya saa 40. Nako kanuni ni hiyo hiyo: kama hakuna anayekaribia kuumia, haraka ni ya nani?

Swali hilo lina mpaka wake. Mtu anayemchoma mwenzake kisu sasa hivi hatulizwi, anazuiwa. Hata hapo, kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto zinataka askari ajitambulishe na atoe onyo la wazi kwamba atatumia silaha ya moto, na aache muda wa kutosha onyo lizingatiwe, isipokuwa kufanya hivyo kungehatarisha maisha au kusingekuwa na maana.

Kwa hiyo, anayeandika ripoti, tafadhali andika maneno yaliyotamkwa, umbali uliokuwapo, nani aliongea na dakika zilizopita. Kama yalikuwa maagizo mawili na kisha pingu, andika "agizo lilitolewa mara mbili, halikutiiwa". Huenda yalitosha kwa hali ile, na hakuna aibu kuyaita hivyo.