Je, wajua kwa nini mtafsiri wa filamu huongea kuliko waigizaji wenyewe?

Steringi, shujaa wa filamu, yuko chini, damu inamtoka puani, adui amemkanyaga kifuani. Kwenye filamu yenyewe hapa hakuna anayesema neno. Ni muziki tu na mtu anayehema. Lakini ndani ya kibanda umiza, ukumbi mdogo wa video wa mtaani, spika inanguruma: "Huyu alidhani amekutana na mtoto wa chekechea. Tulia uone!" Benchi zima linaangua kicheko, na aliyekuwa anatoka kwenda kununua karanga anarudi kukaa.

Maneno hayo yametoka wapi? Hakuna mwigizaji aliyeyasema. Kama umekulia Manzese, Kawangware au Katwe, unaijua sauti hiyo: Lufufu au DJ Mark kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya, VJ Jingo kwa Kiganda kule Kampala. Ni watu wanaosimulia filamu za kigeni kwa maiki, juu ya sauti yake ya asili. Tunawaita watafsiri, na kwa jina hilo tunawahukumu vibaya. Mtafsiri akiongeza neno amekosea. Hawa kuongeza ndiyo kazi yao.

Anza na mitambo. Kampuni inayotia filamu sauti za lugha nyingine hupewa na mwenye filamu sauti iliyochambuliwa: muziki na milio ya risasi upande mmoja, mazungumzo yameondolewa. Halafu huajiri waigizaji wa sauti, kila mhusika na wake. Mtu wa mtaani ana deki au kompyuta, maiki, mikisa na filamu ambayo sauti zake zote zimeshikana kama ugali. Akitaka kusikika lazima azishushe zote kwa pamoja, mazungumzo, muziki na bunduki. Ndiyo maana anapofungua mdomo filamu inakuwa kama imeingia chini ya maji, na ngumi zikianza anaipandisha tena ili mlio wa teke uwafikie hata waliokaa mlangoni. Ukimya wa mwigizaji kwake ni nafasi ya bure ya kuongea, naye haiachi ipite.

Kwa nini basi yasitoshe maandishi ya chini? Jaribu kuyasoma ukiwa benchi la sita, runinga ya inchi ishirini na moja, na vichwa vya watu thelathini vimeziba chini ya kioo. Hapo hatujagusa lugha ya maandishi yenyewe, ambayo mara nyingi ni Kiingereza kilichotafsiriwa kutoka Kichina au Kihindi, wala kasi yake.

Kuna sababu nyingine iliyo ndani ya Kiswahili, nami naipenda kuliko zote. Kiingereza kina yeye wa kiume na yeye wa kike, Kiswahili hakina. Mwigizaji akisema "atamuua", kwetu haijulikani nani anamuua nani, mwanamume au mwanamke. Sauti ikiwa moja kwa wahusika wote, mkanganyiko unazidi. Kwa hiyo msimulizi hugawa vyeo: steringi, adui, demu wa steringi, mzee mwenye siri. Wengine huwapa wahusika majina ya mtaani kabisa. Ukishampa mhusika jina umeanza kumtungia tabia, na ukishamtungia tabia umeshatoka kwenye tafsiri, uko kwenye hadithi.

Sauti moja kwa wahusika wote haipatikani kwetu tu. Poland, hadi leo, filamu nyingi za kigeni kwenye televisheni husomwa na mtu mmoja juu ya sauti za asili, za kiume na za kike. Ila msomaji wa Poland anatakiwa asome kikavu, bila hisia, hadi mtazamaji asahau kwamba yupo. Wetu akisahauliwa amefeli.

Wasomi wa filamu walichelewa kuwatazama watu hawa. Matthias Krings, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani, ni mmoja wa waliowachunguza wasimulizi wa Tanzania na kuichukulia kazi yao kuwa sanaa. Na wanahistoria wa sinema walipogeuka nyuma waligundua kwamba msimulizi ni mzee kuliko filamu ya sauti. Japani alikuwepo benshi, aliyesimama kando ya kioo na kuzisemea filamu bubu tangu mwisho wa karne ya 19 hadi miaka ya 1930. Watu walikata tiketi kwa kumfuata benshi wao, filamu yoyote ile. Kaka wa mwongozaji maarufu Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa benshi, na filamu zenye sauti ndizo zilizomaliza kazi hiyo. Quebec nako, kule Kanada, walikuwepo waliozieleza filamu za kigeni kwa Kifaransa. Germain Lacasse ameandika kitabu kizima juu ya wasimulizi wa namna hiyo.

Hata Tanganyika jambo hili lina mizizi. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza walifanya jaribio la kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika. Sauti iliwekwa kwenye santuri pembeni, kwa lugha mbalimbali, na lori likazungusha filamu hizo Afrika Mashariki na kusini zaidi. Kuanzia 1939 kikaja kitengo cha filamu cha makoloni, na magari ya sinema yakaingia vijijini na mkalimani mwenye maiki. Wakuu wake waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, wakaagiza zipigwe polepole. (Wajukuu wa watazamaji hao leo wanafuata mapigano ya Hong Kong huku wakicheka utani wa DJ.) Mkalimani alipewa maelezo ya kusema, lakini ofisa asiyejua lugha ya kijiji angejuaje kilichosemwa pale gizani?

Upande wa sheria hauna utata mwingi. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne tangu 1994, Kenya tangu 1993, na mkataba huo unampa mwenye kazi peke yake haki ya kuruhusu itafsiriwe. Kanda nyingi za vibandani hazikupata ruhusa hiyo. Mtu anaweza kuwa fundi wa kweli na bado awe anauza mali isiyo yake. Mimi yote mawili nayakubali.

Umewahi kukutana na filamu uliyoiona utotoni kibandani, sasa ukaitazama kwa sauti yake ya asili? Mimi nilifanya hivyo. Nusu saa nzima nilingoja kichekesho ninachokikumbuka vizuri, pale adui anapoteleza kwenye ngazi. Aliteleza, akainuka, filamu ikaendelea. Hakuna aliyesema kitu.