Dhana potofu kuhusu sauti ya maongezi iliyobanwa

Dhana: Kodeki bora (programu ya kubana na kufungua sauti) ni ile yenye kosa dogo kuliko zote, yaani tofauti ndogo kati ya sauti asilia na iliyobanwa.
Kwa mita, sawa. Sikio lina hesabu yake: sauti kali hufunika hafifu iliyo jirani nayo kimasafa. Mwanamume akitamka "a", nguvu hurundikana kwenye vilele, kimoja karibu na hezi 700, kingine karibu na 1,300. Kelele ya kubana ikilala chini ya vilele hivyo haisikiki. Ikiangukia mabondeni ndiyo mkwaruzo unaoudhi. Ndiyo maana kodeki za aina ya CELP, ambazo hujaribu misimbo mingi na kuchagua unaokaribia sauti zaidi, hulipitisha kosa kwenye kichujio cha uzani, kinachohesabu zaidi kosa la mabondeni kuliko la vilele, kwa kawaida A(z/0.9)/A(z/0.6), A(z) ikiwa kichujio kinachosawazisha vilele vya sauti, kabla ya kuchagua msimbo. Uwiano wa sauti na kelele kwenye mita hushuka, huku msikilizaji akisema afadhali. Mwamini msikilizaji.

Dhana: Modeli ya sikio (hesabu ya kinachosikika na kisichosikika) hufanya kelele isisikike kabisa.
Kwenye muziki wa kilobiti nyingi, karibu na hapo. Kwenye maongezi, AMR, kodeki ya simu za mkononi, ya kilobiti 12.2 kwa sekunde ina biti 244 tu kwa kila kipande cha milisekunde 20. Kelele itavuka kizingiti cha kusikika, upende usipende. Kazi ya modeli hapa ni kuigawa ivuke kwa kiasi kilekile kila mahali, pasitokee sehemu moja inayopiga kelele peke yake. Speex, kodeki ya maongezi ya aina ya CELP, imewahi kufanyiwa hivyo kwa modeli ya sikio ya Vorbis, kodeki ya muziki: masafa ya kipande hukokotolewa, mkunjo wa kizingiti huchorwa, kisha kichujio cha uzani hutengenezwa kuufuata.

Dhana: Basi simu zote zibadilishwe.
Hapana. Hesabu hiyo ya uzani yote iko kwa anayetuma; mpokeaji hufungua biti za mpangilio uleule kama zamani.

Dhana: Ongeza kilobiti, maneno yatasikika.
Simu ya kawaida hupitisha hezi 300 hadi 3,400. Fundi wa Mwanga akitaja "samani" kwenye simu, mwenzake wa Kasulu anaweza kusikia "thamani", kwa kuwa sehemu kubwa ya "s" iko juu ya hapo. Dawa ni upana wa masafa: AMR-WB, toleo pana la AMR, hufika hezi 7,000.

Dhana: Kubana mara mbili hakudhuru.
Hudhuru. Kelele iliyofichwa mara ya kwanza huhesabiwa kuwa sauti halisi mara ya pili, nayo hula biti. Anayerekodi wauza dagaa mwaloni Kibirizi, Kigoma, kwa ajili ya redio atunze WAV, faili la sauti isiyobanwa (sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 16, mono, kama megabaiti 5.8 kwa dakika), akate kila kilicho chini ya hezi 80, kisha abane mara moja tu; kodeki ya Opus ya kilobiti 24 kwa sekunde huishia kilobaiti 180 hivi kwa dakika. Mngurumo wa injini ya boti unaobaki juu ya hezi 80 hautatoka kwa kichujio hicho. Sogeza maiki karibu na mdomo, uivishe sponji ya kuzuia upepo wa ziwa.